Gesi ya wageni, kuni za wanafunzi

Ndugu mhariri, mwangaluka. Naomba unipe kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo nimelikalia mwaka mzima na nikilisema hapa mtaani wananiambia mama wewe pika tu acha siasa. Sasa hii sio siasa, huu ni moshi, na anayeuvuta ni mimi.

Mimi ni mpishi wa shule ya bweni hapa Tabora mjini, huu mwaka wa kumi na tisa. Shule siitaji na mkuu wangu simtaji, ni mtu mwema na ana mizigo yake ya kutosha. Wanafunzi wetu wanazidi mia nne. Asubuhi uji, mchana ugali maharage, jioni ugali maharage tena, Jumapili wali, basi. Kwa hiyo ukisikia kwenye redio wanasema "taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku" ziache kuni na mkaa, ujue wananisema mimi na wenzangu watatu, na lile jiko letu la nyuma ya bwalo.

Niwaeleze kidogo pale jikoni palivyo, maana nahisi wengi wanaotunga hizi sera hawajawahi kuingia jiko la shule saa kumi alfajiri. Unafungua mlango, giza, moshi wa jana bado umo mle ndani unakusubiri. Ukuta uliwahi kupakwa chokaa, sahivi ni mweusi unang'aa kama umepakwa lami, na juu kwenye kenchi masizi yananing'inia nyuzinyuzi, upepo ukipita yanadondoka, ndo maana sufuria la uji tunalifunika mapema kabla mtoto hajauliza hiki cheusi nini. Kuni zikiwa kavu una raha yako. Zikiwa zimenyeshewa, na huku kwetu kuanzia Novemba mpaka Aprili ni kunyeshewa tu, utapuliza mpaka kichwa kizunguke, zinalia zinatoa povu kwenye ncha na moshi mzito wa rangi ya njano unakuja unakaa usawa wa kifua haupandi haushuki, sasa inabidi ukoroge ugali ukiwa umeinama na macho umefumba nusu. Mwiko wenyewe karibu urefu wangu. Ukimaliza ukajifuta pua na leso nyeupe, hiyo leso usimwonyeshe mtu.

Mwaka juzi nilikohoa miezi miwili. Dawa za duka la dawa hazikusaidia nikaenda hospitali, daktari kijana tu, mpole, akaniuliza mama unavuta sigara? Nikamwambia mwanangu sijawahi hata kuishika. Akaandika kitu. Akauliza tena, mzee nyumbani anavuta? Nikasema mzee alishatangulia mbele ya haki na alikuwa havuti. Akaniangalia weee, alafu ndo akauliza unafanya kazi gani. Nilipomwambia akaweka kalamu chini. Akaniambia mapafu yako mama ni ya mtu anayevuta pakiti.

Ndo hapo nilipoanza kusikiliza hizi habari kwa makini. Binti yangu yuko chuo Dar, kila akikutana na kitu cha moshi ananirushia WhatsApp, mengine marefu hayo nasoma nikiwa nachambua maharage. Kumbe Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa kupikia majumbani uliua watu kama milioni 3.2 kwa mwaka, hesabu ya 2020, na humo watoto wa chini ya miaka mitano ni zaidi ya laki mbili. Kumbe kinachoumiza sio ule moshi unaouona, ni chembe ndogo kuliko vumbi, ndogo mara nyingi kuliko unene wa unywele, zinapita puani zinapita kooni zinaenda kukaa chini kabisa ya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu. Wanasema hewa nzuri kwa wastani wa mwaka isizidi maikrogramu 5 za hizo chembe kwenye mita moja ya ujazo. Na jiko lisilo na pa kutolea moshi linaweza kufika mara 100 ya kiwango kinachokubalika. Mara mia mhariri. Nikasoma mara mbili nikafikiri binti kakosea kuandika.

Sasa tuje kwenye amri. Mwaka 2023 serikali ikatangaza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na tarehe ya kwanza iliyotajwa ilikuwa Januari 2024. Alafu tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia akazindua ule Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mie nilifurahi, nasema ukweli. Sikuwa mmoja wa wale waliosema haiwezekani. Kwanza ni mwanamke anayejua jiko ndo kasema, na mara ya kwanza nilisikia kiongozi anazungumzia moshi wa mpishi kama kitu cha taifa, siyo jambo la kumchekea mama kwamba macho yako mekundu ulilia nini.

Na kweli jiko likaja. Majiko makubwa ya gesi matatu, ya chuma, na mitungi mikubwa ile mirefu. Fundi akafunga mipira akatuelekeza, fungua huku kwanza, washa kiberiti, alafu fungua huku, ukisikia harufu usiwashe kitu fungua madirisha. Mwezi ule wa kwanza mhariri nilivaa blauzi nyeupe kazini. Nyeupe! Nikaenda nayo nikarudi nayo nyeupe. Uji ulikuwa unaiva na mimi nimekaa kwenye stuli nachambua mchele kama mke wa bosi. Ugali tu ndo ulitusumbua kidogo maana sufuria la ugali wa watu mia nne ukilikoroga kwa nguvu kwenye lile jiko linatikisika, tukamwita fundi wa kuchomelea akaongeza miguu.

Mwezi wa pili gesi ikaisha.

Hapo ndo hesabu ikaanza na ndo kiini cha barua yangu, kwa hiyo naomba usikikate hiki kipande hata kama nafasi ni ndogo, kata kingine. Yule mzabuni wetu wa kuni analeta kwa tela la trekta, anamwaga, anaandikiwa kwenye daftari, anaondoka. Hela ya shule ikichelewa miezi miwili anasubiri miezi miwili. Ikichelewa mitatu anakuja anakaa ofisini anakunywa chai analalamika kidogo anaondoka, na wiki ijayo tela linakuja tena. Amezoea, na bei yake kaipanga akijua atachelewa kulipwa. Muuza gesi hana daftari. Yeye ni hela mkononi ndo mtungi ushuke kwenye gari, na simlaumu, na yeye anadaiwa huko juu anakochukua. Sasa shule inayolipwa kwa kuchelewa itanunuaje kitu kisichokopeshwa? Hata gesi ingekuwa bei sawasawa na kuni bado tungeshindwa. Hili sijalisikia likisemwa na mtu yeyote kwenye kipaza sauti. Wote wanaongea bei, bei, na bei kweli ipo, ila kinachotukaba ni kukopa.

Basi tukarudi kwenye kuni. Kimyakimya. Mtungi mmoja ulibaki na gesi kidogo, mkuu akasema huo usiguswe, na tangu siku hiyo una jina, tunauita gesi ya wageni. Kama vile vikombe vya kabatini ambavyo mama yako alikuwa anakuchapa ukivigusa. Ikisikika kuna wageni wanakuja kukagua, kuni zinahamishiwa nyuma ya stoo zinafunikwa turubai, mafiga yanamwagiwa maji yapoe, tunafagia majivu, mimi nafunga kitambaa kipya kichwani, jiko la gesi linawashwa sufuria dogo la maharage linawekwa. Wanaingia, wanapiga picha moto wa bluu, mmoja akaniuliza mama unaonaje mabadiliko? Nikasema tunashukuru mheshimiwa. Ningesema nini, na mkuu kasimama pembeni yangu. Walipotoka getini tu mwenzangu akazima akafunga koki mpaka mwisho, tukafunua turubai. Na ule ukuta mweusi waliuona, hakuna aliyeuliza kwa nini masizi mabichi.

Sasa huyo mgeni ameenda kuandika kwenye ripoti yake shule fulani imehamia nishati safi. Na hadanganyi, kaona kwa macho. Mkoa unajumlisha, unapeleka juu. Huko juu wanaona grafu inapanda na wanapumua vizuri wenzetu.

Ndo maana nasema tunahesabu kitu kisichofaa. Tunahesabu mitungi iliyotolewa. Mtungi uliotolewa unaweza kuwa kitu chochote, jirani yangu mmoja alipewa ule mdogo wa kilo 6 kwenye mkutano, akautumia mpaka ukaisha, sahivi unazuia mlango usijifunge upepo ukivuma. REA, wale Wakala wa Nishati Vijijini, nao wanapeleka mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku huko vijijini, ni jambo zuri, kuingia ndo kugumu kwa mtu asiye na kitu na wamempunguzia. Ila mtu ambaye hela yake inaingia kwa siku anaishi kwa siku. Mkaa anaupata wa elfu moja, anapika leo, kesho Mungu anajua. Kujaza mtungi mdogo hapa mtaani ni elfu ishirini na kitu kwa mpigo, mama muuza karanga atazitoa wapi kwa mpigo? Dar najua kuna mitungi yenye mita unalipia kidogokidogo kwa simu kama umeme wa LUKU, gesi ya elfu moja ipo, huku kwetu mtaani sijakutana nayo.

Binti akanitumia habari ya India, hii nilipenda. Mwaka 2016 serikali yao ilianza mpango mkubwa wanauita Ujjwala, kuwapa kina mama maskini gesi, kufikia 2019 walishaunganisha kaya milioni 80. Milioni themanini, sio mchezo. Alafu wakagundua wengi hawarudi kujaza, wanarudi kwenye kuni na vinyesi vya ng'ombe, mtungi upo kwenye kona. Kama sisi tu. Lakini wenzetu hawakuishia kupiga picha, Mei 2022 wakaanza kuweka ruzuku kwenye kujaza kwenyewe, rupia 200 kila mtungi kwa mitungi isiyozidi 12 kwa mwaka, na Oktoba 2023 wakaipandisha ikawa 300. Yaani waliihamisha hela kutoka kwenye chuma wakaipeleka kwenye kilichomo ndani ya chuma. Sisemi India hakuna moshi, Delhi tunaiona kwenye taarifa ya habari watu wanatembea hawaonani. Nasema hapo kwenye kujaza walifikiri.

Na Uingereza nako, kabla yetu sana. Desemba 1952 London ilifunikwa na moshi wa makaa ya mawe siku tano, watu wanapasha nyumba na viwanda vinachoma na hewa imetulia haisogei, wakafa maelfu, hesabu ya mwanzo ilikuwa 4,000 na waliokuja kuchunguza baadaye wakasema pengine 12,000. Mwaka 1956 wakatunga sheria ya hewa safi, halmashauri ikawa inatangaza eneo moja moja kwamba hapa moshi marufuku. Lakini soma vizuri hapa, mwenye nyumba akibadilisha jiko lake la zamani alikuwa anarudishiwa sehemu saba katika kumi za gharama. Saba! Marufuku ilikuja imeshika pochi mkononi. Kwao gharama kubwa ilikuwa kubadilisha jiko, kwetu jiko tumeshapewa na gharama imehamia kwenye kujaza, basi hizo sehemu saba zetu ziwekwe huko.

Kuna mtu atasema mama barua yako ni ya jikoni tu, inahusiana nini na hewa ya mjini? Njoo Isevya saa moja jioni kiangazi. Njoo Ng'ambo. Kila mlango una jiko la mkaa limewekwa nje linapepewa, na wale wanaowashia kwa vipande vya ndala na mifuko ya plastiki kwa sababu mafuta ya taa ghali. Mama ntilie ana mafiga, muuza chipsi ana mafiga, shule zina mafiga, na bomba letu la moshi pale shuleni linatemea moja kwa moja kwenye nyumba za watu wa nyuma, nguo zao za kuanikwa wanazianua zina vidoti. Ongeza wanaofagia majani ya miembe, na mji wetu kwa miembe tumejaaliwa, wanayakusanya na chupa na pampasi humohumo wanatia kiberiti. Ongeza mapori yanayochomwa huko pembeni mwezi wa nane na wa tisa. Ikifika hiyo saa moja moshi unashuka unalala juu ya mabati, taa za bodaboda unaziona kama mwezi wenye ukungu. Hatuna viwanda vya kusema ndo vinatuchafulia. Moshi wa Tabora umetoka jikoni kwetu na kwenye mashimo yetu ya takataka.

Magari nayo yapo ila kwa mji wetu siyaweki mbele. Dizeli ya Afrika Mashariki tangu 2015 ilishawekewa kiwango kipya, salfa isizidi sehemu 50 kwa milioni, na treni ya umeme inayopiga Dar mpaka Dodoma tangu 2024 ikifika kwetu na kichwa cha dizeli kikapumzika tutashukuru. Hayo yana wenyewe wenye sauti. Vumbi la barabara ndo usiseme, kila mtu analiona, hata wabunge.

Tukija kwenye sheria, sheria ipo na siyo ya jana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004, inasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kanuni za viwango vya ubora wa hewa zikafuata 2007. Kila halmashauri inatakiwa iwe na afisa mazingira. Miaka yote hiyo mhariri, miaka kumi na tisa nimo jikoni, hajawahi kuja mtu na kifaa akakiweka pale mezani akasema mama leo tunapima hii hewa unayovuta. Choo wanapima. Maji ya kisima walikuja na vichupa. Unga wanakuja wanaangalia tarehe. Hewa, hakuna. Na nasikia vifaa vyenyewe sahivi ni vidogo vinaenea mkononi. Mngekiacha wiki moja pale kwenye kenchi, wiki moja tu, siku ambazo hakuna wageni, namba ingewaambia yote ambayo mimi siwezi kumwambia mheshimiwa mbele ya mkuu wangu.

Umeme nao nimeufikiria. Jirani yangu ana presha kuka ya umeme, tukafanya jaribio siku moja tukaandika LUKU kabla, tukapika maharage nusu kilo mpaka yakaiva kabisa, tukaangalia tena, haikula hata unit moja. Nikashangaa, maana miaka yote tunaambiana umeme unakula. Akaniambia lakini shoga usishangilie, mimi niko kwenye lile kundi la watumiaji wadogo, ukiwa huzidishi unit 75 kwa mwezi unit moja ni shilingi 100 kabla ya kodi, ukizidisha bei inaruka zaidi ya mara tatu. Sasa nikianza kupikia umeme kila siku na friji ipo na watoto wanaangalia tivii, hizo 75 zinaisha tarehe 20, kwa hiyo maharage ya tarehe 21 yananiadhibu. Wizara inamwambia mama pikia umeme, na bei ya umeme inamwambia mama ukijaribu utajuta. Wote ni serikali hiyohiyo moja. Hawa si wangekaa meza moja siku moja wakaongea? Kumpa mama unit chache za ziada kwa bei ileile kwa ajili ya chungu chake, sidhani kama TANESCO itaanguka.

Na nisisahau watu wa mkaa. Mjomba wangu yuko huko upande wa Sikonge, ana tanuru, amesomesha watoto wanne kwa mkaa na hajawahi kuiba kitu cha mtu. Kila anaposikia redio inasema mkaa mkaa mkaa anazima. Anasema mbona wa tumbaku hawasemwi na mabani yao ya kukaushia yanakula miti kuliko mimi? Hilo la tumbaku mie siliingilii, nitapigwa mawe na nusu ya mkoa. Ila na yeye wakumbuke, maana mwaka ambao mimi nitapika kwa gesi mwaka mzima ndo mwaka ambao mjomba atanipigia simu kuomba hela ya dawa. Ana mizinga ya nyuki saba tu. Angesaidiwa ikafika sabini pengine lile tanuru angelifukia mwenyewe.

Kwa hiyo ninachoomba sio kitu cha ajabu. Hela ya chakula cha shule inapopangwa kuwe na mstari wake wa gesi, umeandikwa gesi, usioweza kuliwa na chaki wala rimu, na ulipwe moja kwa moja kwa muuzaji ili asitudai sisi. Kama serikali inaweza kumlipa mkandarasi wa jengo ambaye mkuu wa shule hamjui hata sura, haiwezi kushindwa kumlipa muuza gesi. Mpaka hapo patakapowezekana, tujengeeni jiko banifu lenye bomba refu linalozidi kimo cha paa la jirani, kuni zitapungua na moshi utapungua, sio safi lakini bora, mbona hilo mnalionea aibu kana kwamba ni kurudi nyuma. Mtu akiwa anaanguka mnamwekea godoro wakati mnatafuta ngazi.

Na wakaguzi waje bila kupiga simu. Waje saa kumi na moja alfajiri, uji ndo unachemka. Wasiangalie jiko, jiko kila shule litakuwepo, waombe risiti za kujaza za miezi sita. Wakikuta risiti moja kwenye miezi sita basi wameshajua wanafunzi wanapikiwa na nini. Na wamuulize mpishi peke yake, mkuu akiwa ofisini anatafuta hilo faili. Wakimaliza wasimwadhibu mkuu wa shule jamani, hilo naliomba sana. Akiadhibiwa mmoja wengine wote watanunua turubai kubwa zaidi.

Wenzangu wakisoma hii watajua ni nani kaandika maana hadithi ya gesi ya wageni ni yetu, labda na shule nyingine wana ya kwao. Mkuu naye atajua. Sijui nitamwangaliaje Jumatatu. Nitamwambia mzee nilikuandikia ombi la bajeti, nimelipitishia gazetini.

Niishie hapa, saa tatu usiku imepita na saa tisa na nusu natakiwa niwe nimeamka. Jana jioni tela lilimwaga kuni na usiku huohuo mvua ikanyesha, nimeziegemeza ukutani zile nyembamba angalau zichuje maji. Blauzi nyeupe ipo sandukuni.

Mpishi wa shule,
Isevya, Tabora.